Picha ya Baba Kwenye Minyaa

Siku ile katika ofisi ya kijiji tulikuwepo hawa: mwenyekiti wa baraza la ardhi, ambaye ni mwanamke mwenye sauti ndogo lakini akisema watu hunyamaza; wajumbe wanne, yaani wanaume watatu na mama mmoja aliyekuja na ungo wa mtama akawa anachagua mawe muda wote; mtendaji wa kijiji, kwenye kona, akiandika; jirani yetu wa shamba na mke wake; baba yangu mdogo, aliyekaa peke yake karibu na mlango; mdogo wangu wa kiume; mdogo wangu wa kike, aliyekuwa likizo; na mimi. Nawataja wote kwa sababu wote walinisikia.

Shauri lenyewe lilikuwa jepesi kulieleza. Baba alituachia shamba, mwendo wa saa moja kwa miguu kutoka Kiomboi, chini ya jiwe kubwa lililopasuka. Ukitoka nyumbani unavuka korongo, unakuta udongo mweusi mzuri, na mwisho wa udongo huo upo mstari wa minyaa ambayo sasa imekuwa miti. Sisi tulikua tukijua kwamba minyaa ndiyo mpaka na kwamba baba ndiye aliyeipanda. Jirani akaja kusema minyaa ilipandwa na marehemu baba yake ili kuzuia ndama, na kwamba mpaka ni korongo. Kama ni korongo, udongo mweusi wote ni wake. Mdogo wangu wa kiume analima alizeti na mtama pale, na hana kazi nyingine. Likienda eneo lile tunabaki na mawe.

Karatasi haikuwepo. Baba alifariki nikiwa kidato cha pili, mama akamfuata mwaka uliofuata, na mimi nikaacha shule nikabaki na wadogo zangu wawili. Waliokuwa watu wazima wakati minyaa inapandwa wamekwisha, isipokuwa baba mdogo.

Yeye ndiye aliyesimama, akatoa bahasha ya kaki, na ndani ya bahasha picha. Ilikuwa ya kahawia, yenye kona nyeusi, ukubwa wa daftari. Baba yangu kashika jembe. Pembeni yake baba mdogo, kijana, na mzigo wa vipande vya minyaa begani. Miguuni mwao mstari wa minyaa mifupi, ya magotini, na nyuma yao lile jiwe.

"Tulipanda sisi wawili," baba mdogo alisema. "Mpiga picha alikuwa anapita na baiskeli, kaka akamwita."

Mdogo wangu wa kiume alinishika mkono kwa furaha. Mimi sikufurahi. Nilikuwa namwangalia baba mdogo.

Baada ya msiba wa mama aliondoka na ng'ombe wetu wanne akisema anakwenda kuwatunza, na miaka miwili baadaye wakarudi wawili. Wengine, alisema, waliugua. Labda waliugua. Tangu hapo alikuja kwetu kwa misiba na harusi tu. Sasa ghafla alikuwa na picha, na ilikuwa na kila kitu tulichokihitaji, na yeye mwenyewe yumo ndani yake akiwa na minyaa begani. Niliwaza: akitushindia leo, kesho atasema walipanda wawili, basi shamba ni la wawili. Na kwa nini picha hii hatukuwahi kuiona? Kwa nini nyuma yake, alipoiinua, ulionekana muhuri mkubwa wa duka la picha la Singida mjini, wakati mimi, mtoto wa kaka yake, nina studio Kiomboi?

Ikapita mikononi mwa wajumbe, ikanifikia. Hapo lazima nieleze kazi yangu.

Nilijifunza kwa mzee mmoja wa studio aliyenichukua nifagie. Chumba chake cha giza kilikuwa bado kinafanya kazi, ingawa wateja walikwisha kuhamia picha za rangi. Alinionyesha jinsi mwanga unavyoshuka kutoka kwenye mashine juu ya karatasi, na jinsi mkono wa mtu unavyoweza kuingia katikati. Kipande cha kadibodi kwenye ncha ya waya, ukikitikisatikisa juu ya uso, uso unapata mwanga kidogo na unatoka mweupe zaidi. Hiyo aliiita kuficha. Ukikunja viganja ukaacha tundu, ukapitisha mwanga zaidi mahali pamoja, pale panatoka peusi zaidi. Hiyo aliiita kuchoma. Alikuwa hatulii mkono, maana ukitulia alama ya kadibodi inabaki kwenye picha. Macho yake yalipoanza kuchoka alinunua kompyuta, akaniweka mimi mbele yake na yeye akakaa nyuma akiamuru: ficha hapo, choma pale, taratibu, rudia mara tano kidogo kidogo kuliko mara moja kwa nguvu.

Hivyo ndivyo ninavyofanya mpaka leo, ila kwa brashi ya kompyuta. Mtu akileta picha ya simu ya marehemu wake aliyepigwa harusini, nyuma yake maturubai na viti vya plastiki, mimi naichoma pembeni mpaka viti vizame, naung'arisha uso, naondoa rangi, kisha naweka ukahawia kwenye vivuli na umanjano kidogo kwenye weupe. Watu wanalia. Wanasema, sasa amekaa kama mtu wa zamani. Kadi za kumbukumbu za nusu ya Kiomboi zimetoka kwangu zikiwa za kahawia.

Kwa hiyo nilipoishika picha ya baba mdogo niliisoma haraka. Ukahawia ulikuwa sawasawa kila mahali, mpaka kwenye ukingo mweupe ambako dawa ya chumba cha giza isingeacha rangi ile. Kona nne zilikuwa zimetiwa giza kwa kipimo kimoja. Chembechembe, vile vinukta vya picha za zamani, zilikuwa za ukubwa mmoja kwenye jua na kwenye kivuli. Na uso wa baba uling'aa kwa mwanga ambao haukutoka kwenye jua la siku ile. Mtu alikuwa ameung'arisha kwa brashi, tena kwa pupa.

Mwenyekiti akaniangalia. "Mwanangu, wewe ndiye unayejua mambo haya. Hii ni picha ya zamani au ya juzi?"

Ningeweza kusema naomba muda. Nilisema, "Mama, rangi hii imewekwa kwa kompyuta. Hata mimi naweza kuitengeneza, na chai yako haitapoa."

"Una maana imepikwa?"

"Imepikwa."

Jirani alipiga paja. "Fundi mwenyewe kasema! Tena fundi wao!" Mke wake akajifunika mdomo kwa khanga, mabega yanacheka. Mama wa ungo aliacha kuchagua mawe akamtazama baba mdogo, na wajumbe wote wakamtazama, na mtendaji akaandika.

Baba mdogo aliichukua picha, akairudisha kwenye bahasha, akaikunja midomo ya bahasha vizuri.

"Sawa, mwanangu," alisema.

Baraza likatoa wiki mbili tulete ushahidi mwingine, la sivyo jirani angelima mpaka korongoni. Mawingu ya kwanza yalikuwa yameanza kukusanyika. Tulipofika korongoni mdogo wangu wa kiume alisimama.

"Dada, umetuua," akasema.

"Ningenyamaza, angetuua yeye."

"Yeye alikuwa upande wetu."

"Leo."

Jioni hiyo hiyo niliwasha kompyuta ili nijihakikishie. Nilichukua picha niliyompiga mdogo wangu wa kiume mwaka uliopita kwenye minyaa ile ile, nikaanza. Nikaondoa rangi. Nikaweka ukahawia, kwanza kama ninavyoweka mimi, vivulini tu, kisha kama fundi yule wa Singida, kila mahali. Nikatia kona giza. Nikamwaga chembechembe. Nikaung'arisha uso kwa pupa, makusudi. Ikatoka vile vile. Nilimwita mdogo wangu wa kike aje aone, na nakiri nilikuwa nimejaa sifa.

Aliitazama. Yeye yuko kidato cha nne, anasema kila kitu kama anajibu mtihani.

"Rangi umeweza," alisema. "Haya, fupisha minyaa ifike magotini."

Nikaitazama minyaa ile, mirefu kuliko mdogo wangu wa kiume.

"Halafu mlete baba."

"Fundi anaweza kuwa amemkata kwenye picha nyingine akambandika."

"Tuangalie basi." Alikuwa ameipiga ile picha kwa simu yake pale ofisini, wakati inapita mikononi. Tukaikuza. Nilitafuta mshono kwenye mabega ya baba, kwenye jembe, kati ya miguu. Nilitafuta kwa bidii, na ninajua pa kutafuta, maana nimewahi kumbandika babu wa watu kwenye ubatizo wa mjukuu ambaye hakuwahi kumwona. Kivuli cha baba kililala upande wa jiwe. Kivuli cha baba mdogo vile vile. Vijiti vya minyaa, kimoja kimoja, vyote vilikuwa na vivuli vyao vidogo, na vyote vilielekea jiwe. Mtu aliyetia kona giza kwa uvivu ule hawezi kuchora vivuli arobaini vya vijiti.

Nilijua basi kwamba nilikuwa nimeisoma rangi na sikuisoma picha. Lakini sikukimbilia kuomba radhi. Niliwaza: kama ilikuwa ya kweli, kwa nini aliipaka? Mtu mwenye kitu cha kweli hakipaki. Nilipanda gari la asubuhi kuteremka Sekenke, anakoishi, na njia nzima nilikuwa napanga maswali ya kumnasa.

Mama mdogo alinipokea mkoba. Baba mdogo alikuwa uani anachonga mpini.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Wadogo zako?"

"Wazima."

Akaendelea kuchonga. Nikala ugali na mlenda nilioletewa, maana kukataa kungekuwa tusi la pili, kisha nikauliza swali langu la kwanza. "Baba, ile picha ina nyingine iliyotangulia?"

Aliingia ndani akatoka na kitu kilichofungwa kwenye kitenge. Ilikuwa fremu isiyo na mbao, yaani kioo kitupu, na nyuma ya kioo picha iliyogandamana nacho. Mwaka fulani bati lao lilivuja, maji yakaingia kwenye fremu, picha ikashikana na kioo. Alijaribu kuibandua kwa kisu. Alipoanza, rangi ya kona ya juu ilibanduka vipande vipande, na katika kona hiyo ulikuwepo uso wa kaka yake. Nusu ya uso ule ilikuwa imekwenda.

"Niliacha hapo hapo," alisema. "Sikuigusa tena."

Nikawasha tochi ya simu nikaichungulia kwa upande, kwa nyuma, kwenye kingo. Yeye ananiangalia. Nilijua anaona kwamba bado namkagua, na sikuacha. Karatasi ilikuwa nzito, ya zamani, ukingo umekuwa wa manjano kwa umri wake wenyewe. Anga lilikuwa limechomwa kwa mkono wa mtu, kwa mawimbi laini, kama mzee wangu alivyokuwa akifanya. Na haikuwa ya kahawia hata kidogo. Ilikuwa ya kijivu, nyeusi na nyeupe, kama zilivyokuwa picha za wapiga picha wote wa baiskeli.

"Kwa nini hukuileta hii?"

"Nije na kioo chenye baba yenu amebanduliwa uso? Mbele yenu?"

"Kwa nini Singida na si kwangu?"

Alicheka kidogo bila furaha. "Kwako ndiko ningeleta kwanza? Ungeniuliza mmemfanya nini baba."

Ni kweli ningeuliza.

Yule fundi wa Singida, alisema, aliipiga picha kupitia kioo, akaung'arisha ule uso nusu ili kasoro isionekane, kisha akauliza inakwenda wapi. Baba mdogo akamwambia barazani. Fundi akamwambia wazee hawataiamini ya kijivu, wataona ni ya simu. Ya zamani lazima iwe ya rangi ya udongo. "Nikamwambia iweke udongo. Mimi mwenyewe niliona kwenye kadi za misiba, picha za zamani zote ni za udongo."

Sikumwambia nani alitengeneza kadi hizo.

"Mbona hukusema siku ile?"

"Ningesema nini? Uliulizwa rangi, ukajibu. Rangi imewekwa na kompyuta, na mimi ndiye niliyemwambia aiweke."

Tulipanda gari pamoja kesho yake. Alikiweka kioo mapajani ndani ya kitenge na hakukubali nikishike, hata kwenye kona za mlima.

Studio kwangu nilikilaza kioo juu ya kitambaa cheusi, nikaziba dirisha ili kisirudishe mwanga, nikakipiga. Nikatengeneza picha mbili. Ya kwanza sikuigusa. Ilikuwa hafifu, minyaa inaonekana kama michirizi. Ya pili niliificha na kuichoma kwa brashi laini kabisa, sehemu ya minyaa na sehemu ya jiwe, bila ukahawia, bila kutia kona giza, mpaka kilichokuwemo kikajitokeza. Uso wa baba niliuacha ulivyo, nusu. Kila hatua niliihifadhi peke yake ili niweze kurudi nyuma mbele ya watu. Baba mdogo alikaa nyuma yangu muda wote. Nilihisi kama na yeye ananikagua, na ilikuwa haki yake.

Barazani jirani alinisubiri. "Huyu binti juzi alisema kompyuta inadanganya. Leo amekuja nayo kwapani!"

"Imebadilisha dini," mke wake akasema.

"Na kioo nacho kimepikwa?" Mama wa ungo aliuliza, na watu wakacheka, lakini alinyoosha mkono akakichukua.

Nilieleza. Nilieleza kwa muda mrefu. Niliwaonyesha picha hafifu, nikawaonyesha mkono wangu unapita juu ya minyaa na minyaa inakolea, nikarudi nyuma ikafifia tena, nikawaambia: tazameni, sijaongeza kijiti. Nikawaeleza kuficha na kuchoma kwa viganja vyangu kwenye mwanga wa dirisha, kivuli kikicheza juu ya meza ya mtendaji. Nikawaeleza kwamba ukahawia si umri. Mwenyekiti alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema twende shambani, kwa sababu jiwe haliwezi kupita kwenye kompyuta.

Tukaenda. Mama wa ungo alisimama kwenye korongo akakiinua kioo mbele ya jicho lake, akasogea hatua, akarudi hatua, mpaka ufa wa jiwe kwenye kioo ukaungana na ufa wa jiwe lenyewe juu ya ukingo wake. Akawaita wenzake mmoja mmoja waangalie. Vijiti vya kwenye kioo vilisimama pale pale ilipo miti.

"Hiyo inaonyesha walisimama hapo tu," jirani alisema. "Kusimama si kupanda."

"Na huo mzigo wa minyaa begani," mama wa ungo alijibu bila kuondoa kioo usoni, "alikuwa anautembeza kuuonyesha nchi?"

Hata mke wa jirani alicheka. Mwenyekiti akasema mpaka ni minyaa, mtendaji akaandika, na jirani, baada ya kuzunguka jiwe mara moja kama mtu aliyedondosha kitu, akatia dole gumba. Wiki iliyofuata mvua ikanyesha na mdogo wangu akapanda. Baba mdogo hakudai tuta hata moja. Nilimsubiri adai, mpaka palizi, mpaka mavuno. Hakudai.

Alizeti ilipouzwa nilinunua kondoo, kwa sababu kwetu ukimvunjia heshima mtu wa rika la baba yako humwendei mikono mitupu. Nikateremka naye Sekenke. Baba mdogo aliitikia shikamoo yangu, akamtazama kondoo, akamshika mgongo kupima nyama.

"Mzuri," alisema. "Rudi naye."

"Baba, nimekuja kuomba radhi."

"Hapa uani kuna nani amesikia kwamba mimi mwongo? Ulisemea ofisini. Siku ya kioo ulisimama pale pale, ukasema mambo ya mwanga, mambo ya vivuli, ukasema vizuri sana. Nilikuwa nasubiri. Hukusema baba yangu mdogo hakudanganya. Ilishinda minyaa, mimi sikushinda."

Nilitaka kubisha, nikapitia akilini maneno yote ya siku ile. Alikuwa sahihi. Nilikuwa nimeitetea picha, nikamwacha yeye ndani ya neno langu. Hata sasa kuna watu kijijini wanaosema shamba lile liliokolewa na kompyuta ya binti baada ya mzee kuleta picha ya uongo.

Nilirudi na kondoo. Yupo nyumbani, anakula majani pamoja na mbuzi wa mdogo wangu. Mwenyekiti, nilipomweleza deni langu, aliniambia hahitaji shauri kuitisha baraza, nimpe siku tu atawakusanya. Sijampa. Najiambia ni msimu wa kazi, kwamba mitihani ya mdogo wangu inakuja, kwamba studio haina mtu wa kuiachia. Lililo kweli zaidi ni kwamba kila nikipanga maneno ya kumsafisha, nawakumbuka ng'ombe wale wawili wasiorudi, na nataka kwanza nijue waliugua nini. Sijamuuliza. Na sina haki ya kumuuliza kabla sijalipa ninachodaiwa, na bado sijalipa.